Jukwaa Namba Moja, Si Namba Nne

Nyumbani tunamwita Chiriku, na jina hilo hakulipata kwa kubahatisha. Binti huyu wa kaka yangu alianza kuongea kabla hajajua kutembea vizuri, na tangu siku hiyo hajapumzika. Anaongea akipika, anaongea akifua, anaongea hata usingizini. Alipomaliza chuo akaja kukaa kwangu mjini kutafuta kazi, redio yangu niliifunika kitambaa, maana ilikuwa haipati nafasi.

Lakini mtoe nje ya nyumba, mweke mbele ya mgeni mwenye meza na kalamu, ulimi wote ule unayeyuka. Kuna ofisi moja ya bima walimwita kwenye usaili. Wakamwambia ajitambulishe. Akataja jina lake, akanyamaza. Wakamwambia aendelee. Akalitaja tena jina lilelile. Baadaye akawashukuru, akasimama, akafungua mlango akatoka. Kumbe ule haukuwa mlango wa kutokea, ulikuwa mlango wa stoo. Akaona aibu kurudi, akajifungia humo na mafagio na ndoo mpaka aliposikia wale watu wameondoka kwenda kula. Aliponisimulia jioni alikuwa analia, na mimi nilijikaza kisabuni nisicheke, nikashindwa. Tukaishia kucheka wote wawili, huku machozi yanamtoka.

Kwa hiyo aliponiambia ameomba kazi ya utangazaji wa stesheni ya treni, nilidhani nimesikia vibaya. Mimi nina saluni ya nywele, na siku hiyo mashine ya kukaushia ilikuwa inanguruma. Nikaizima, nikamwambia arudie.

"Kazi ya kutangaza treni, Shangazi," akasema. "Kule unaongea na watu elfu moja, lakini hakuna hata mmoja anayekukazia macho. Unakaa nyuma ya kioo na maiki yako."

Nikamwambia nyuma ya kioo ni sawa, ila kabla ya kufika huko kuna meza, na nyuma ya meza kuna watu wenye macho. Akasema analijua hilo, na ndiyo maana anataka nimfanyishe mazoezi.

Basi saluni yangu ikageuka chumba cha usaili. Wateja wangu, wengine vichwa vimejaa rola, wengine wamekaa na povu la shampuu, wakawa ndio wakubwa wa kazi. Mmoja ni mwalimu wa sekondari, akawa mkali kuliko wote. Alimuuliza udhaifu wake ni upi, Chiriku akajibu kwamba ni viatu. Tulicheka mpaka mwalimu mwenyewe akashindwa kuendelea. Lakini kidogo kidogo mtoto akaanza kujibu. Sauti ikatoka, na ni sauti nzuri, nzito kidogo, haina papara. Ukiisikia unatamani akusomee hata maelezo ya dawa ya kikohozi.

Mimi ushauri wangu ulikuwa wa mambo mawili tu, nao nimeutumia kazini miaka yote. Nilimwambia ukikosea, pita moja kwa moja kama hukukosea. Watu hawana habari. Mimi nikikata nywele vibaya upande mmoja, nakata na upande wa pili vilevile, nasema huo ni mtindo mpya, na mteja anaondoka kichwa juu. La pili, woga wako ni siri yako, usimwambie mtu. Akaitikia kwa kichwa. Nikajua yameingia.

Siku yenyewe asubuhi chai ilimshinda. Alishika kikombe, akakirudisha mezani, akakishika tena. Kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo. Nilifunga saluni kwa ajili yake, nikamsindikiza kwa miguu, na njia nzima Chiriku wangu hakusema neno. Hapo ndipo nilipoogopa na mimi.

Stesheni ile ina ukumbi mkubwa wa kungojea, mabenchi ya mbao, halafu majukwaa manne. Jukwaa namba moja liko palepale ukitoka ukumbini. Yale mengine unapanda daraja la chuma, unavuka juu ya reli, unateremka upande wa pili. Juu ya mlango wa ukumbi kuna ubao wa taa unaoonyesha treni na majukwaa, lakini siku hiyo ulikuwa umezimika, fundi yuko juu ya ngazi na nyaya zimemzunguka shingoni. Kwa hiyo watu wote walikuwa wanategemea masikio yao.

Chiriku alinikataza kupanda naye ghorofani kwenye chumba cha usaili. Akanikalisha kwenye benchi kama mzigo, akapanda ngazi peke yake. Pembeni yangu alikuwa amekaa bwana mmoja mnene amekumbatia boksi la feni. Tukasalimiana. Akaniambia anakwenda milimani kwa mama mkwe, na feni ni zawadi, ingawa kule ni baridi. Nikaona hilo ni la kwake na mke wake, nikanyamaza.

Yaliyotokea kule juu sikuyaona kwa macho. Nimeyapata kwa Chiriku mwenyewe, na baadaye nikayapata tena kwa mama mmoja aliyekuwamo, ambaye siku hizi ni mteja wangu, kwa hiyo nayasimulia bila kutia chumvi.

Mle chumbani walikuwamo watu watatu. Alikuwapo mkuu wa stesheni, mwanamume wa makamo mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri. Alikuwapo ofisa wa utumishi, dada kijana na kompyuta yake. Na wa tatu alikuwa mtangazaji wa siku zote, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, ambaye stesheni nzima inamwita Bi Sauti. Kila aliyewahi kupanda treni mji huu anamjua kwa masikio.

Chiriku aliingia, akamtazama mkuu wa stesheni na masharubu yake, akamwambia, "Shikamoo, mama."

Ofisa akainamia kompyuta. Mkuu wa stesheni akabaki ametoa macho. Kwa ushauri wangu, hapo mtoto alitakiwa aketi aendelee kama hakuna kitu, na huyo baba aendelee kuwa mama mpaka mwisho wa usaili. Chiriku hakufanya hivyo. Alisimama palepale mlangoni, akavuta pumzi, akasema, "Samahani, baba. Nilikusudia kukuamkia kwa heshima, ulimi umeteleza. Nina woga sana leo. Shikamoo."

Mkuu wa stesheni akaitikia marahaba, masharubu yakachezacheza kidogo. Bi Sauti ndiye aliyecheka waziwazi. Akamuuliza, "Sasa wewe ukiwa na woga huwa unafanyaje?"

"Huwa nakimbia," Chiriku akajibu. "Safari hii nimeamua kukaa."

Akavuta kiti, akaketi. Anasema tangu alipousema ule woga kwa mdomo wake, hakuwa tena na kazi ya kuuficha, na ile nguvu aliyokuwa anaitumia kuuficha ikabaki kwa ajili ya maswali. Walimuuliza juu ya masomo yake, akajibu. Swali moja la ofisa hakulielewa, akaomba lirudiwe. Lingine hakujua jibu, akasema hajui. Hakuwa hodari kupita kiasi, Bi Sauti mwenyewe aliniambia hivyo. Alikuwa wa kawaida. Ila alikuwapo.

Kisha wakampeleka kwenye kibanda cha kutangazia, chumba kidogo chenye dirisha kubwa la kioo linaloangalia majukwaa yote. Mkuu wa stesheni alitaka asikie sauti za waombaji ukumbini, si mezani, maana kuna watu wana sauti tamu chumbani lakini ikipita kwenye vipaza sauti inakuwa kama debe. Kila mwombaji alipewa tangazo la kweli la kusoma. Bi Sauti akamwekea Chiriku karatasi, akamwonyesha kitufe, akarudi nyuma.

Mimi huku chini nilisikia mlio wa kengele, ting tong, kisha ikaja sauti ya mtoto wangu. Ilijaza ukumbi ule mpaka juu kwenye mapaa, imetulia, haina mkwaruzo, kama mtu aliyezaliwa humo.

"Wasafiri wa treni ya milimani, treni yenu iko tayari. Tafadhali elekeeni jukwaa namba nne."

Nilimgusa bwana wa feni begani. "Unamsikia huyo?" nikamwambia. "Ni mtoto wetu huyo. Nimemlea mwenyewe." Akanipongeza kwa haraka, akainua boksi lake, akaungana na wengine kuelekea darajani. Mimi nikabaki nimevimba kichwa, natafuta mtu mwingine wa kumwambia.

Kule juu Chiriku aliachia kitufe, akainua macho. Kupitia kioo aliona watu wanapanda daraja. Bibi mmoja ameshika chuma kwa mikono miwili, anapanda ngazi moja moja. Mama na watoto wawili mapacha, mmoja mgongoni, mmoja anavutwa mkono. Bwana na boksi. Na chini kabisa ya dirisha, jukwaa namba moja, ilikuwa imesimama treni ya milimani, milango wazi, hakuna anayeielekea. Akatazama karatasi. Namba nne ilikuwa ya treni ya ziwani, mstari wa chini yake. Jicho lilikuwa limeruka mstari.

Akasikia nyuma yake kiti cha mkuu wa stesheni kinasukumwa. Bi Sauti alikuwa ameliona kosa tangu neno lenyewe lilipotoka, na mkono wake ulikuwa njiani kuelekea kwenye maiki. Akausimamisha, kwa sababu Chiriku alikuwa ameshabonyeza kitufe.

Ukumbini kengele ikalia tena.

"Wasafiri wa treni ya milimani, naomba mnisikilize. Nimekosea. Treni yenu iko jukwaa namba moja, si namba nne. Narudia, namba moja, hapohapo mbele ya ukumbi. Kosa ni langu mimi ninayetangaza, si lenu. Mliopanda daraja, rudini polepole, msikimbie, na mwenye nguvu amsaidie mwenye mzigo. Treni haitaondoka bila ninyi."

Ukumbi mzima ulisimama. Mimi nilitamani benchi linimeze. Yaani kati ya watu wote, wa kwanza niliyemwona alikuwa bwana wa feni, amesimama katikati ya ngazi za daraja, amenigeukia mimi. Alinitazama tu.

Nilifanya kitu kimoja ninachoweza kujisifia siku ile. Sikuketi na aibu yangu. Nilipandisha gauni kidogo, nikapanda lile daraja, nikamshika yule bibi mkono, tukateremka naye ngazi moja moja kama alivyopanda. Watu walikuwa wananung'unika, lakini hakuna aliyekuwa anasukumana. Kijana mmoja alimbeba pacha wa pili. Bwana wa feni alipita kando yetu anahema, akaniambia, "Mama, mtoto wako amenipandisha mlima kabla sijafika milimani." Halafu akaongeza, sauti imelainika, "Lakini ametuambia. Wengine huwa wanatuacha tujigundulie wenyewe."

Sasa kule kibandani kulikuwa na kosa la pili, na hili Chiriku aliligundua mara tu alipoachia kitufe. Alikuwa ameahidi kwamba treni itangoja, na treni si yake. Akageuka. Mkuu wa stesheni alikuwa amesimama, masharubu hayachezi tena.

"Baba, nimewaahidi watu kitu ambacho sina mamlaka nacho," akamwambia. "Nilitakiwa nikuulize kwanza. Lakini wameshasikia, na wako njiani wanarudi. Nakuomba uizuie."

Mkuu wa stesheni alinyanyua simu ya ukutani, akampigia mkaguzi wa treni chini, akamwambia asipige filimbi mpaka wa mwisho aliyeko darajani awe ameingia ndani ya treni. Kisha wote wanne wakasimama dirishani wakitazama watu wanavyoshuka daraja na kuingia kwenye mabehewa. Wa mwisho kupanda alikuwa yule bibi. Niliposukuma begi lake ndani ya mlango nikainua macho, nikaona juu kwenye kioo vivuli vya watu, sikujua ni kina nani.

Filimbi ikapigwa, treni ikaondoka.

"Umechelewesha treni yangu," mkuu wa stesheni akasema, "na kazi yenyewe hata sijakupa."

"Ndiyo, baba."

"Ungesema nini kama ningekataa kuizuia?"

Chiriku akafikiri. Bi Sauti anasema hicho kimya ndicho kilichompendeza, kwa sababu waombaji wengi wanakimbilia kujibu. Kisha akasema angebonyeza tena kitufe, awaambie kwamba hilo nalo amekosea, na awaambie treni inayofuata ni ipi. "Wangenitukana," akasema, "lakini wangejua la kufanya."

Wakamshukuru, wakamwambia watampigia simu.

Alipofika kwenye benchi langu alikuwa amepauka kama unga. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumpoza, lakini kabla sijayatoa ting tong ikalia, ikaja sauti ya mwombaji aliyemfuata, kijana wa kiume. Loo, kijana yule alikuwa na sauti. Ilitiririka kama mafuta, hakuna kujikwaa, hakuna kupumua vibaya, treni ya ziwani ikaitwa na wasafiri wake wakavuka daraja bila wasiwasi. Tukatazamana na Chiriku. Sote wawili tulijua tulichokisikia.

Tukatoka. Njiani nikamshika mkono. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia zipo kazi nyingine, akanitangulia.

"Shangazi," akasema, "nimekosea mbele ya stesheni nzima, na sikufa."

Kisha mdomo ukafunguka. Akanieleza yote, tangu shikamoo mama mpaka filimbi, mikono hewani, amesimama katikati ya njia ya waenda kwa miguu na watu wanatukwepa. Mimi nilikuwa namsikiliza. Nilimpa ushauri wangu wote, na saa ilipofika akauweka pembeni, akafanya la kwake. Jukwaa namba nne huwezi kuliita mtindo mpya. Nilimtazama mtoto huyu aliyejificha na mafagio, nikajiona nimekuwa mrefu kwa kutembea naye tu. Na ukweli ni kwamba wakati huo tulikuwa na hakika kazi ameikosa.

Simu ilikuja wiki iliyofuata. Nilikuwa nimeinamisha kichwa cha mteja kwenye beseni, maji yanatiririka, Chiriku akapokea, akasimama wima kama askari. Alikuwa mkuu wa stesheni mwenyewe. Alizungumza muda mrefu, na mtoto anaitikia tu, ndiyo baba, ndiyo baba, nimeelewa baba. Alipokata simu mteja wangu alikuwa ameshainua kichwa, povu linamwingia machoni, naye anataka kujua.

Ameajiriwa. Kwanza alisomewa onyo, kwa sababu ya ile ahadi, na akaambiwa somo lake la kwanza litakuwa mambo ambayo mtangazaji anaweza kuwaahidi watu na yale asiyoweza. Kisha akaambiwa aripoti Jumatatu.

Jinsi ilivyokwenda nilikuja kuambiwa na Bi Sauti, alipokuja kusukwa kwa mara ya kwanza. Baada ya yule kijana kusoma, walimuuliza angefanya nini kama angekosea. Akajibu kwamba yeye huwa hakosei. Walimuuliza kwa namna nyingine, akajibu vilevile. Ofisa wa utumishi alimtaka huyo, na mkuu wa stesheni naye alikuwa ameegemea huko kwa sababu ya treni iliyochelewa.

"Nikawaambia," Bi Sauti akanieleza, kichwa chake mikononi mwangu, "huyu kijana sijui akikosea atafanyaje. Yule binti nimeshamwona. Mimi nimekaa kwenye kile kiti miaka mingi, na sijawahi kuona mtu asiyekosea. Nimeona wanaosema na wasiosema."

Nilimsuka vizuri kuliko mtu yeyote wiki ile, na kidogo nimuulize kama angependa nimsuke na siku ya pili.

Bi Sauti alikaa naye kibandani kwa kipindi, halafu akastaafu. Siku ile Chiriku alipoachiwa maiki peke yake kwa mara ya kwanza, niliweka kibao cha "Imefungwa" mlangoni, nikavaa gauni langu la sherehe, nikaenda stesheni kukata tiketi. Karani dirishani akaniuliza naelekea wapi. Sikuwa nimefikiria. Nikamwambia popote, kituo cha karibu tu, anipe kiti cha dirishani.

Nikaketi ukumbini na tiketi yangu mkononi kama wasafiri wengine, mwenye safari na asiye na safari hawajulikani. Kengele ikalia. Sauti ya mtoto wetu ikateremka kutoka juu, imetulia, ikatuambia wasafiri wa treni ya jioni tuelekee jukwaa namba tatu, tuangalie ngazi, tusisahau mizigo. Nikainuka. Nikapanda daraja taratibu, kichwa juu, nikaenda nilikoambiwa.